Samaki Asiyekula Matumbawe

Mwezi uliopita nilipanda Kirua Vunjo kufunga nyumba ya bibi. Msiba ulikuwa umekwisha, ndugu wamesharudi Dar na Arusha kwenye kazi zao, na mimi nikabaki siku chache kugawa vyombo na kumtafutia ng'ombe wake mtu wa kumtunza. Jioni moja nikatembea hadi kwenye kihamba cha jirani, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake. Nyumba niliyoijua ilikuwa imebomolewa, mafundi wanachimba msingi wa nyumba mpya. Katikati ya vifusi kilibaki kitu kimoja tu, kizimba cha saruji kinachofika kiunoni, kipana kama kitanda cha mtoto. Nyundo zilikuwa zimekichubua tu pembeni.

"Dada, wewe ni wa hapa," fundi mmoja akaniuliza. "Hiki kilikuwa nini? Kaburi?"

"Hapana," nikamwambia. "Hapo palikuwa na bahari."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mfiwa, akarudi kwenye koleo lake. Sikumlaumu. Hata wewe, rafiki yangu, ningekutana nawe njiani nikakuambia kwamba nimekua nikichungulia bahari kila siku baada ya shule, huku juu kwenye migomba na ukungu, ungeniuliza kama nimekula. Basi kaa nikueleze.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani, na sauti yake ilikuja Jumapili baada ya ibada kwenye simu ya bibi, imejaa mikwaruzo, ikiuliza maswali yale yale: unakula? unasoma? unamsikiliza bibi? Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, halafu salio lake linakwisha. Baba sikumjua. Bibi alinipenda, lakini mapenzi yake yalikuwa ya mikono. Alinipikia mtori, akanisugua miguu kwa gunzi, akaniamsha alfajiri kwenda kukata majani ya ng'ombe. Kuzungumza alimzungumzisha zaidi ng'ombe.

Jirani yetu alikuwa mjane kutoka Tanga. Watoto wa kijijini walimwita Mama Samaki, na mwisho hata wakubwa wakamwita hivyo. Mumewe, mtu wa huku kwetu, alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wageni mjini Moshi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kutunza tangi kubwa la kioo lililokaa mapokezi, tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Mwenye nyumba ile alipofunga biashara akarudi kwao Ulaya, alimwachia tangi. Wenzake walimshauri auze kioo. Yeye akajenga sebuleni kile kizimba cha kulikalisha, akalipandisha tangi mlimani na vyote vilivyokuwa ndani yake, kwa sababu alikuwa na mke ambaye kila alipoamka akaona mlima dirishani alinyamaza.

Hayo nilisimuliwa. Mimi nilipoanza kwenda pale, mume alikwisha kufa, na mama yule aliishi peke yake na tangi lake. Ukifungua mlango, harufu ya kahawa na samadi inabaki nje, na ndani kuna harufu nyingine kabisa, ya chumvi na kitu kibichi. Mashine ndogo ya kuzungusha maji ilinguruma taratibu. Matumbawe, ambayo kwanza nilidhani ni mawe, yalikuwa yakipumua. Mengine yalifunguka kama kiganja, mengine yalipepea kama majani ya mgagani kwenye upepo, na yote yalikuwa na rangi ambazo huku kwetu huzioni isipokuwa kwenye kanga. Chumvi yake ilikuja kwa pakiti, akaikoroga na maji ya mvua kwenye pipa, akaipima kwa kijiti cha kioo kinachoelea. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama, yeye akishona. Tungeweza kukaa mpaka ng'ombe wa bibi akalia bila kuambizana neno. Lakini ule haukuwa ukimya wa nyumbani kwetu. Mle ndani nilikuwa nikingojewa.

Samaki alikuwa mmoja, mzee wa rangi ya bluu aliyepandishwa mlimani pamoja na tangi. Siku moja nilimkuta amelala ubavu juu ya mchanga. Mama Samaki alimzika chini ya mti wa kahawa, akanawa mikono, akasema, "Mwanangu, nyumba imebaki na viti bila watu."

Likizo ya shule ilipofika akaja kumwomba bibi ruhusa ya kunipeleka mjini. Alitaka kununua samaki mwingine, na alitaka nichague mimi. Bibi alikuwa akikamua. Hakugeuka.

"Ng'ombe anatoa maziwa," akasema. "Kuku anatoa yai. Huyo samaki wako anatoa nini?"

"Anatoa sababu ya kuamka, mama."

Bibi akakamua kidogo, kisha akasema nivae sweta.

Duka lilikuwa nyuma ya soko, chumba chembamba chenye kasuku, sungura na matangi ya samaki yaliyopangwa mpaka darini. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Wengi wa samaki wake walikuwa wa maji baridi, lakini nyuma kabisa alikuwa na matangi machache ya wale wa baharini, waliomfikia kutoka pwani. Nilipofika pale sikuhitaji kutafuta. Alikuwepo kitatange mmoja wa manjano, manjano ya ndizi iliyoiva juu ya mti, bapa kama sahani, na mstari mweusi umepita juu ya jicho lake kama wanja. Alikuja mpaka kwenye kioo akanitazama.

"Huyu!" nikasema.

"Mtoto ana macho," muuzaji akasema. "Huyo ndiye malkia wa duka, mama."

Mama Samaki akainama. "Anakula nini?"

"Huyu hana shida. Anakula kila kitu."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Akanishika bega, akanionyesha mdomo wa yule samaki. "Mtazame vizuri. Umechongoka kama kibano cha kutolea mwiba. Mungu amempa huo ili adonoe matumbawe, moja moja. Si mbaya. Ndicho chakula chake. Lakini ukimweka kwangu, atakula sebule yangu yote."

Akanionyesha na samaki mwingine, kikande, mwenye madoa na michoro kama amepakwa na mchoraji wa mabango, akaniambia nimwangalie meno. Nilimwangalia. Alikuwa na meno kama ya mtu. Nikarudi kwa kitatange wangu nikabandika kipaji cha uso kwenye kioo, na machozi yakaanza kunitoka. Unajua jinsi mtoto anavyoona kitu kizuri mara moja na kuamini kwamba kimeumbwa kwa ajili yake? Na mimi sikuwa na vitu vingi vilivyokuja karibu kunitazama.

Alichofanya mama yule sijakisahau. Hakunigombeza, wala hakuniahidi pipi. Alichuchumaa mpaka tukalingana.

"Nilisema utachagua wewe, na neno langu halirudi nyuma. Ukimtaka huyu, nitamnunua, na tutakaa naye. Matumbawe yataisha pole pole, utaona kwa macho yako, na sitamfukuza. Mgeni hafukuzwi kwa sababu ana njaa. Ila fikiri kwanza."

Nikafuta pua kwa sweta, nikatazama chini ili wasinione. Na huko chini, kwenye tangi la mwisho, nyuma ya mrija, kulikuwa na samaki niliyekuwa nimempita. Alikuwa mdogo kama kidole changu, mbele mweupe, katikati anaanza kuiva manjano, nyuma mwekundu wa makaa, utadhani kuna mtu amemchovya mkia kwenye jiko. Mgongoni alikuwa na uzi mrefu mweupe. Alipoona nimemwona aliusimamisha na kuulaza, kama mwanafunzi anayenyoosha mkono darasani kisha akaogopa.

"Na huyu anakula nini?" nikauliza.

"Huyo?" Muuzaji akajikuna. "Anadaka vipande vinavyopita kwenye maji. Matumbawe hagusi kabisa. Ila mwoga mno, watu hawamtaki. Akishtuka anaruka nje. Ukimchukua, mfunike."

"Yuko peke yake?"

"Peke yake. Walikuja wawili."

Nikamtazama tena. Nikasema, "Tumchukue huyu." Nilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu yule wa manjano alikuwa bado ananitazama.

Tulirudi naye ndani ya mfuko wa nailoni uliojaa maji na hewa, mfuko ndani ya boksi, boksi kwenye mapaja yangu, na kanga ya Mama Samaki imelifunika. Kadiri tulivyopanda baridi iliongezeka, nami nilifungua sweta nikaliingiza boksi ndani. Njiani mama yule akampa jina. Kwao, akasema, ulimi wa moto huitwa mwali, na msichana aliyewekwa ndani akingoja kutolewa naye ni mwali. Basi huyu ni Mwali kote kote.

Na kweli alikaa ndani. Tulipomwachia alizama kwenye tundu la jiwe, akapotea. Kesho yake haonekani. Kesho kutwa haonekani. Nililia nikidhani nimechagua vibaya, nimechagua samaki wa kufa. Bibi alinisikia nikilia kitandani. Asubuhi akanipa kipande cha chandarua chake cha zamani, amekishonea kwenye fremu ya mbao.

"Mpelekee yule mwana wa watu. Uliniambia anaruka."

Siku Mwali alipotoka nilikuwa peke yangu sebuleni. Nilikuwa nimeshika uduvi, wale kamba wadogo waliokaushwa ambao Mama Samaki aliletewa kutoka Tanga, nikiusaga kati ya vidole kama nilivyoelekezwa. Uzi mweupe ukachomoza tunduni kwanza. Kisha uso. Akadaka punje moja, akarudi. Akatoka tena. Ikawa ndiyo kazi yetu, na baada ya wiki kadhaa alitoka kabla sijafungua kile kichandarua, akanisubiri palepale kwenye maji, anaelea wima kama mshumaa. Kwa Mama Samaki alichungulia tu. Kwangu alitoka mzima mzima. Siwezi kukueleza lile lilinifanya nini. Shuleni nilikuwa mtoto wa yule aliyeko Uarabuni. Pale nilikuwa mtu anayejulikana.

Ukaja mwezi wa saba. Unaijua baridi ya huku mwezi wa saba, ukungu unashuka mpaka kwenye vizingiti na mlima hauonekani wiki nzima. Mti mkubwa ukaangukia nyaya za umeme asubuhi moja, na mafundi hawakuja siku ile wala iliyofuata. Mashine ya maji ikanyamaza. Hita nayo ikazima. Nilipofika kutoka shule nilimkuta Mama Samaki anachota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, anachota, anamimina, ili hewa iingie, midomo yake imekuwa ya kijivu. Matumbawe yalikuwa yamejikunja yote. Mwali hakuonekana.

"Maji yanapoa," akaniambia. "Yakipoa zaidi, wameondoka."

Nilikimbia kwa bibi. Sijui nilitegemea nini kwake. Alinisikiliza, akaipua chungu cha makande mafigani, akabandika sufuria la maji. Akakusanya chupa zote za nyumba ile, za soda, za mafuta ya kula, hata ile aliyowekea maji ya ibada ya ubatizo wangu, akazijaza maji ya moto, akazifunga vizibo, akaziweka kwenye ndoo na kujitwika kichwani.

Alipoingia sebuleni kwa Mama Samaki ilikuwa mara yake ya kwanza. Alisimama akalitazama tangi muda mrefu.

"Zielee humu," akasema. "Ziwe kama mtu anavyomkumbatia mtoto mwenye homa."

Tukaziweka. Zilipopoa, nikazikimbiza nyumbani zijazwe upya, na wale wanawake wawili wakapokezana kikombe, kuchota na kumimina, kuchota na kumimina. Ndipo nikamsikia bibi akiongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alimweleza Mama Samaki habari za babu, jinsi alivyopenda kuimba wakati wa kupalilia, na jinsi shamba la kahawa lilivyobaki tupu bila sauti ile.

"Nilidhani unachezea maji," bibi akamwambia. "Nisamehe."

"Hata mimi siku nyingine nadhani hivyo, mama," mwenzake akajibu, na wakacheka.

Umeme uliporudi, matumbawe ya upande mmoja yalikuwa yamegeuka meupe kama mifupa, nayo hayakurudi tena. Mengine yalifunguka polepole. Mwali alikuja siku ya pili yake, amekonda, rangi imepauka, akaelea mbele yangu.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini Mama Samaki hakuwa na mtoto, na kwetu kihamba ni cha ukoo. Shemeji yake alikuwa na vijana wanaotaka kuoa. Wakaanza kwa kumsalimia mara kwa mara, wakaendelea kwa kupima mipaka, mwisho wakaita kikao. Mwanamke asiye na mtoto, wakauliza, anakalia kihamba kwa niaba ya nani? Bibi alikwenda kwenye kile kikao bila kuitwa, ameshika jani la isale. Kwetu ukimpa mtu jani lile, umemwomba kwa njia ambayo si rahisi kuikataa. Walilipokea kwa mikono miwili. Walisema wameheshimu. Kisha wakampa mjane mpaka mwisho wa mwaka awe amehama.

Bibi alirudi akakata majani ya ng'ombe mpaka giza, zaidi ya yale aliyoyahitaji ng'ombe.

Yule muuzaji wa mjini alikuja na mapipa kuchukua matumbawe. Alikuwa ameyapatia makao kwenye tangi la hoteli moja Arusha. Alifanya kazi kwa upole, anainua jiwe moja moja. Lakini Mwali alikuwa ndani ya tundu lake, na Mama Samaki hakutaka aende Arusha. Alitaka kurudi naye pwani. Muuzaji akaingiza kijiti, Mwali akazidi kujisokomeza.

"Akitolewa kwa nguvu atakufa," Mama Samaki akasema. Akanigeukia. "Mwite wewe."

Nikasaga uduvi. Punje zikaanguka nyingi mno. Uzi mweupe ukachomoza. Akatoka kama siku zote, mzima mzima, akasimama mbele yangu wima, na wavu ukaja kutoka chini yake. Hakuruka. Ndilo linaloniuma mpaka leo. Samaki aliyekuwa anaruka kwa kivuli tu, siku ile hakuruka.

Mama Samaki akaondoka na begi moja na boksi mapajani. Mlangoni bibi alimfunga kanga yake mwenyewe mabegani, ile ya kwenda kanisani. Kwangu mama yule aliinama, akanishika uso kwa viganja vilivyonuka chumvi, akasema, "Ulichagua vizuri, mwanangu. Hukuchagua kwa macho peke yake."

Mchana ule ule shemeji akatoboa tangi ili alitoe sebuleni, maji yakatiririka hadi kwenye migomba. Bibi alimpigia kelele kutoka kwetu kwamba ni chumvi, achimbe mtaro, ayapeleke barabarani. Shemeji akajibu kwamba mwanamke mzee ashughulike na ng'ombe wake. Migomba ile ilianza kugeuka njano majani, kisha ikalala mmoja baada ya mwingine, na sehemu ile ilibaki kipara misimu kadhaa.

Simu ya kwanza kutoka Tanga ilikuja kabla ya Krismasi. Mwali alifika hai, Mama Samaki akasema. Alikwenda naye wakati maji yamekupwa, kwenye miamba aliyocheza utotoni, akamshusha kwenye kidimbwi akangoja bahari ijae. Mwali aliingia kwenye tundu la kwanza aliloliona. "Hakugeuka," akasema, nami nikasema vizuri. Simu ziliendelea kuja, kisha zikawa za sikukuu tu, kisha siku moja namba ikawa haipatikani. Mama yangu alirudi nilipokuwa sekondari. Tulisalimiana kama wageni wawili wenye adabu, na bado tunasalimiana hivyo.

Mara nyingi watu wakisikia haya huniuliza kuhusu samaki, alikuwa na rangi gani, matumbawe yanaonekanaje. Mimi ninachokumbuka zaidi ni siku zile za baada ya mama yule kuondoka. Nilikuwa nikitoka shule, miguu inanipeleka yenyewe mpaka kwenye lango la Mama Samaki. Shemeji alikuwa amelifunga kwa waya. Nilisimama pale kidogo, nikigusa ule waya, kisha nikaenda nyumbani. Sikumwambia mtu.

Sijui bibi alijuaje. Wiki ya pili au ya tatu nikamkuta amesimama njiani, karibu na lile lango, panga mkononi. Akaitikia shikamoo yangu, akachukua begi langu, tukatembea pamoja mpaka nyumbani. Kesho yake alikuwepo tena. Na kesho kutwa. Alinisubiri pale mpaka nikamaliza darasa la saba, kwenye jua na kwenye ukungu. Siku moja tu nilipata ujasiri wa kumuuliza anafanya nini pale.

"Nakata majani ya ng'ombe," akasema.

Pale alipokuwa akisimama hapakuwa na jani hata moja. Ilikuwa njia ya udongo mtupu, imekanyagwa na watu. Sasa hivi wameiwekea zege, watoto wanashuka na bodaboda, na anayetoka shule anapita moja kwa moja mpaka kwao.